Kupima Anga ni Kutoa Ushahidi



Swali ninalotaka tulitafakari ni hili: mtu akikuletea habari ya kitu ambacho huwezi kukiona, wala kukigusa, wala kukihakiki mwenyewe maisha yako yote, ni kwa haki gani unamwamini? Na wewe unayeamini, unamdai nini? Wanafunzi wa sheria wanalijua swali hili kwa jina la ushahidi. Wanaosoma elimu ya hadithi wanalijua kwa jina la sanadi. Sisi wa sayansi tumezoea kulikwepa. Tunasema "data imeonyesha", kana kwamba data ina mdomo wake yenyewe.

Nimechagua mfano wa mbali kidogo, upimaji wa ozoni kwa leza kutoka ardhini. Sababu yangu ni kwamba hakuna hata mmoja wetu atakayeiona ozoni iliyo kilomita 25 juu ya kichwa chake, na hata hivyo ngozi zetu na macho yetu yanaitegemea kila siku tunapotoka darasani saa sita mchana.

Ozoni ni oksijeni yenye atomu tatu badala ya mbili. Ikiwa huku chini, kwenye moshi wa magari na jua kali, ni sumu kwa mapafu. Ikiwa juu, hasa kati ya kilomita 15 na 35, ni pazia linalozuia sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno, ile inayochoma ngozi na kuchangia saratani ya ngozi na ugonjwa wa mtoto wa jicho. Pazia lenyewe ni jembamba kuliko watu wanavyodhani. Lau ozoni yote iliyo juu yetu ingeteremshwa na kubanwa kwa mgandamizo wa usawa wa bahari, ingekuwa na unene wa milimita 3 hivi. Hapa kwenye ikweta ni pungufu ya hapo, na jua linatupiga wima. Muulize ndugu yeyote mwenye ualbino maana ya sentensi hiyo, hatahitaji mhadhara.

Mwaka 1974 wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza kwamba gesi zilizokuwa zikitumika kwenye friji na makopo ya kupulizia zinaweza kupanda hadi huko juu na kuivunja ozoni. Wengi waliona ni nadharia. Kisha mwezi Mei 1985, Joe Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin wakatangaza kwamba juu ya kituo chao cha Halley, Antaktika, ozoni ya majira ya kuchipua ilikuwa imeporomoka vibaya. Kifaa chao kilikuwa cha muundo wa miaka ya 1920, kilichoitwa kwa jina la aliyekibuni, Dobson. Wakati huohuo setilaiti ya Marekani ilikuwa ikipita juu ya eneo lilelile. Kisa hiki husimuliwa vijiweni kwamba kompyuta ya setilaiti ilizitupa namba hizo za chini kwa kuziona upuuzi. Haikuzitupa. Ilizitia alama ya shaka, na wanasayansi walikuwa bado wakizichunguza pale makala ya Farman na wenzake ilipotoka. Tofauti ni ndogo katika masimulizi, lakini ni kubwa katika uadilifu. Kutupa ushahidi ni jambo moja, na kuusimamisha mpaka uchunguzwe ni jambo jingine kabisa. Hata kisa cha ushahidi, basi, kinahitaji msimulizi mwaminifu.

Miaka miwili baadaye, tarehe 16 Septemba 1987, ukasainiwa Mkataba wa Montreal wa kuziondoa gesi hizo, na hatimaye kila nchi ya dunia ikaingia. Hapo ndipo kazi ya leza inapopata uzito wake. Mataifa yakishaahidiana, nani atakayejua kama ahadi inatimia huko juu?

Kifaa chenyewe huitwa laida. Usiku usio na mawingu, leza hupiga mwanga kuelekea juu kwa mipigo mifupi mno, makumi hadi mamia ya mipigo kila sekunde. Molekuli za hewa huutawanya mwanga huo, na chembe chache sana hurudi chini, ambako darubini huzipokea na kuzihesabu moja moja. Mwanga husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa hiyo chembe iliyorudi baada ya sehemu 200 za milioni ya sekunde imetoka kilomita 30 juu. Kwa kupima muda, unapata kimo.

Lakini ozoni iko wapi katika hesabu hiyo? Hupigwa miale miwili ya urujuanimno. Mmoja una urefu wa wimbi wa nanomita 308, na huo ozoni huufyonza. Wa pili una nanomita 353 au 355, na huo ozoni huuacha upite karibu wote. Miale hiyo hupita njia ileile, katika hewa ileile, usiku uleule. Ikiwa wa kwanza unazidi kudhoofika kuliko mwenzake kadiri inavyopanda, tofauti hiyo ni kazi ya ozoni, na unaweza kuihesabu tabaka kwa tabaka.

Angalia uzuri wa jambo hili. Laida haikuambii "niamini kwa sababu leza yangu ina nguvu". Nguvu ya leza ikipungua leo, hesabu haiharibiki, kwa sababu kinachotazamwa ni jinsi uwiano wa mashahidi wawili unavyobadilika njiani, na kila mmoja anamkagua mwenzake. Hata hivyo haijitoshelezi. Ili kugeuza tofauti hiyo kuwa kiasi cha ozoni, lazima ujue ozoni hufyonza mwanga wa nanomita 308 kwa kiwango gani, na namba hiyo inatoka kwa watu wengine, walioipima maabara. Kwa hiyo mpimaji wa usiku anamtegemea mtu wa maabara, na msomaji wa ripoti anawategemea wote wawili. Hiyo ni sanadi, hata kama wenyewe hawaiiti hivyo.

Wanazuoni wa hadithi hawakutosheka kuuliza kama mpokezi ni mkweli. Waliuliza mambo mawili: uadilifu wake na dhabti yake, yaani uwezo wake wa kuhifadhi na kufikisha bila kuchanganya. Mtu anaweza kuwa mchamungu, asiyesema uongo hata kwa mzaha, na bado riwaya yake ikadhoofishwa kwa sababu kumbukumbu yake ilivurugika uzeeni. Wala hakuna aliyeona kwamba huko ni kumtukana.

Mwezi Juni 1991 laida zilipatwa na mtihani wa namna hiyo. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulilipuka na kurusha gesi ya salfa hadi kwenye tabaka lenye ozoni, ambako iligeuka matone madogo mno ya asidi yaliyoenea duniani kote. Hesabu ya laida ilisimama juu ya dhana kwamba mwanga unarudishwa na molekuli za hewa. Sasa ulikuwa unarudishwa pia na matone hayo, na hayairudishi miale miwili kwa namna moja. Mafundi walikuwa walewale, leza zilezile, lakini namba za sehemu ya chini ya tabaka la ozoni hazikuaminika tena. Mkweli alikuwa amevurugika dhabti.

Wakafanya nini? Dawa iliyopatikana, na ambayo wanasayansi wa NASA walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuitumia, ilikuwa kusikiliza mwanga mwingine. Mwanga ukigonga molekuli ya naitrojeni, sehemu ndogo sana hurudi ikiwa imebadilika urefu wa wimbi. Matone ya asidi hayatoi badiliko hilohilo. Ukichuja na kupokea mwanga huo uliobadilika tu, unajua umetoka kwa naitrojeni na si kwa tone. Tatizo ni udhaifu wake, kwani ni mara elfu moja hivi pungufu ya ule wa kawaida, na hivyo hausaidii sana kwenye vimo vya juu. Lakini ni sauti ndogo unayojua imetoka kwa nani, na walipendelea hiyo kuliko kelele kubwa wasiyojua msemaji wake.

Kuna tukio jingine ambalo naona lingewapendeza makadhi wetu wa zamani. Kiangazi cha 1989 watafiti walikutanisha vifaa mbalimbali kwenye kituo cha Table Mountain, California: laida mbili, maputo ya kupimia ozoni, na vifaa vya aina nyingine. Wote walipima anga moja. Masharti yakawa kwamba hakuna kundi litakaloona matokeo ya kundi jingine. Kila mmoja anakabidhi namba zake kwa mwamuzi asiye na kifaa katika shindano, na ndipo zinapolinganishwa. Mazoezi ya namna hiyo yaliendelea baadaye katika vituo vingine, na laida ya NASA inayosafirishwa imekuwa ikipelekwa kituo hadi kituo kwa kazi hiyo. Kadhi mwerevu akipata mashahidi wawili anaowatilia shaka huwatenganisha na kumhoji kila mmoja peke yake. Wala si lazima awe anawadhania uongo. Mashahidi wakikaa pamoja, hata wakweli hurekebishana bila kujua.

Hapa niruhusu nitoke njiani kidogo, kwa sababu kuna deni letu wenyewe. Katika mihadhara yetu tunapenda sana kusema kwamba Ibn al-Haytham ndiye aliyepima kimo cha anga kwa kutumia mwanga wa alfajiri na magharibi. Risala ya jambo hilo ipo kweli. Ilitafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, na kwa karne nyingi ikahesabiwa kuwa yake. Lakini mwaka 1967 Abdelhamid Sabra, mwanahistoria wa sayansi mzaliwa wa Misri, alionyesha kwamba mwandishi wake ni mwingine: Ibn Mu'adh al-Jayyani, mwanahisabati wa Andalusia wa karne ya 11, ambaye pia alikuwa kadhi wa Jaén. Yeye alitumia pembe ya jua likiwa chini ya upeo wa macho na ukubwa wa dunia, akakadiria kwamba mvuke unaoonyesha mwanga wa alfajiri uko kwenye kimo cha maili 50 na kidogo. Kadhi, mtu ambaye kazi yake ni kupima mashahidi, aliipima anga kwa mwanga akiwa amesimama ardhini. Sijui kama tungepata babu bora zaidi wa laida hata tungetunga. Na bado mabango yetu ya wiki ya Uislamu yanambandika Ibn al-Haytham, kwa sababu jina lake ni kubwa na picha zake zimejaa kwenye simu. Ibn al-Haytham hahitaji sadaka ya jasho la mtu mwingine.

Nirudi. Vituo vyenye laida za ozoni si vingi. Kipo Haute-Provence huko Ufaransa, Hohenpeissenberg Ujerumani ambako wanapima hivyo tangu 1987, Table Mountain niliyoitaja, Mauna Loa kwenye visiwa vya Hawaii, Lauder New Zealand. Katika bahari yetu ya Hindi kipo kisiwani Réunion, mlimani Maïdo, mita zaidi ya 2,000 juu ya bahari. Tangu 1991 vituo vya namna hii vimeunganishwa katika mtandao mmoja wa kimataifa wenye masharti ya pamoja.

Kinachotafutwa na mtandao huo ni kidogo mno. Ozoni ya sehemu ya juu ya tabaka inakadiriwa kuongezeka kwa asilimia 1 hadi 3 tu kwa kila muongo tangu mwaka 2000 hivi. Tafakari maana ya namba hiyo kwa mtu anayekaa na kifaa usiku. Kifaa kikilegea asilimia 2 katika miaka kumi bila yeye kugundua, atatangaza uponyaji ambao haupo, au atauficha uliopo. Setilaiti nazo huzeeka na kubadilishwa, na laida za ardhini ni miongoni mwa vitu vinavyotumika kuzikagua. Na tathmini ya kimataifa ya 2022 inasema sehemu kubwa ya dunia itarudi kwenye hali ya 1980 ifikapo 2040 hivi, na Antaktika ifikapo 2066 hivi. Wengi walioanza kazi hii hawatakuwepo kuona mwisho wake. Wanaandika ushahidi kwa ajili ya kesi itakayohukumiwa na watu ambao hawajazaliwa.

Mwenzetu mmoja aliniuliza baada ya darsa: haya yanatuhusu nini sisi, tunaopumua moshi wa mkaa na pikipiki, na zahanati haina dawa? Sitaki kulipuuza swali lake, kwa sababu lina haki ndani yake. Laida ni ghali, na sidhani kuwa nchi yetu ingefanya vyema kununua moja kesho. Lakini tusidhani tuko nje ya jambo hili. Majirani zetu wa Nairobi hurusha puto la kupimia ozoni karibu kila wiki, na wamekuwa wakifanya hivyo tangu miaka ya 1990; ofisi inayosimamia mkataba wa ozoni nayo iko jijini humohumo. Fundi wa friji anayefungua bomba na kuiachia gesi ya zamani ipae anagusa mkataba uleule. Na mwaka 2018 watafiti walipotangaza kwamba gesi moja iliyopigwa marufuku inapungua angani polepole kuliko ilivyotarajiwa, na mwaka uliofuata sehemu kubwa ya chanzo ikaonyeshwa kuwa mashariki mwa China, waliomkamata mvunja ahadi hawakuwa polisi. Walikuwa watu waliokuwa wakipima hewa kwa subira mwaka baada ya mwaka.

Kuna pingamizi jingine, zito zaidi: je, kuamini haya yote si taqlidi tu? Tumekataa kumfuata shehe bila dalili, sasa tunamfuata mwenye leza. Naona jibu liko katika yale niliyoyaeleza kuhusu 1989 na 1991. Anayefuata kwa uvivu hajui na hajali kama aliyemfuata aliwahi kuhojiwa. Lakini mtu akiniambia alivyojifungia asione matokeo ya mwenzake, akaniambia ni lini kifaa chake kilivurugika na kwa kimo gani, amenipa njia ya kumkataa. Shahidi anayekupa njia ya kumkataa ana haki ya kusikilizwa. Na wanaotaka tuamini namba bila kutupa njia hiyo, wawe na maabara au wawe na mimbari, wanaomba kitu kingine.

Sasa tuje chuoni, maana nisingeandika yote haya kama jambo lingeishia angani. Sote tunalijua neno "kupika data". Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ametakiwa kupima jotoridi la udongo siku 30. Siku 9 mvua ilinyesha, au hakuwa na nauli, au alilala. Anazijaza. Wala hazijazi kwa ujinga: anatazama siku ya kabla na ya baada, anachukua katikati, anaongeza kasoro kidogo ili ionekane halisi. Ukimuuliza, atakujibu kwa utulivu kwamba namba zake pengine ziko sawa kwa nusu digrii, na kwamba hakuna atakayeisoma kazi hiyo. Walimu nao wana sehemu yao katika hili; wapo wanaotoa alama kwa mchoro ulionyooka na kumnyima aliyeleta mchoro wenye mapengo.

Hoja yake ya kwanza ndiyo ngumu: kama namba ni sahihi, uongo uko wapi? Hapa elimu ya hadithi inatusaidia kuliko kitabu chochote cha takwimu nilichosoma. Walikuwapo watu waliotunga hadithi kwa nia njema, ili kuwapendezesha watu kusoma Qur'ani au kutoa sadaka. Maana ya maneno yao ilikuwa nzuri, na baadhi yake ungeweza kuithibitisha kwa dalili nyingine. Wanazuoni walizikataa na kuwataja waliozitunga. Hawakubishana nao kuhusu uzuri wa maana. Walisema tu kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, hakuyasema maneno hayo. Ushahidi ni kauli mbili kwa pamoja: jambo liko hivi, na mimi nimeliona. Mwanafunzi wetu huenda amepatia katika kauli ya kwanza, lakini ya pili ni uongo mtupu. Na anayekuja kutumia namba zake anainunua ile ya pili, kwa sababu hata yeye angeweza kukisia katikati ya siku mbili bila kumsumbua mtu.

Hoja ya pili, kwamba hakuna atakayesoma, si yetu kuijua. Waliokuwa wakisoma kifaa cha Dobson kule Halley tangu miaka ya 1950 walikusanya namba ambazo kwa zaidi ya miaka ishirini hazikuwa na habari yoyote ya kusisimua. Bila namba hizo za kuchosha, anguko lililotangazwa mwaka 1985 lisingekuwa na kitu cha kulinganishwa nacho.

Usiku wa tarehe 27 Novemba 2022 mlima Mauna Loa ulilipuka, na siku iliyofuata lava ikakata barabara na nyaya za umeme zinazokwenda kwenye kituo cha upimaji kilicho mlimani. Vifaa vikazima. Vipimo vya kaboni dayoksaidi vilihamishiwa mlima wa jirani baada ya siku chache, lakini laida ni mtambo mkubwa, haibebwi mgongoni. Miaka ya vipimo vya usiku kwa usiku ikafikia mahali penye nafasi tupu. Watu waliokuwa na rekodi ya miongo mingi na hesabu za kutosha kukisia kila usiku uliokosekana, wenye kompyuta ambazo sisi hapa tunaziota, waliiacha nafasi hiyo ikiwa tupu.